Uma Ulioandikwa Hamsini

Jumatano, 2 Juni 1993

Miss Ellen, mwalimu wetu wa kujitolea kutoka ng'ambo, ameenda. Miaka miwili ya softboli, mpira wake na magongo yake, halafu mkoba mgongoni na kwaheri. Wasichana wamelia mpaka wakakosa chai ya saa nne. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, maana ameniachia kila kitu: glavu kumi na moja, mipira iliyofumuka mishono, timu nzima, na ile bunduki.

Si bunduki. Ni rada ya kushika mkononi, nzito kama pasi ya makaa. Unaielekeza kwa mpira, unabana kwa kidole, nambari nyekundu zinakuambia mpira unaenda maili ngapi kwa saa. Lakini hapa Kilungu ni bunduki tu. Juzi chifu alimtuma mtu aulize kama shule ina kibali cha polisi!

Miss Ellen ameacha sheria tatu kwa karatasi. Simama nyuma ya mdakaji, si ubavuni. Hakikisha hakuna kitu kingine kinachopita mbele. Na ya tatu, ameipigia mstari mara mbili: kila siku kabla ya kupima, gonga ule uma, uushike mbele ya mdomo wa bunduki. Lazima isome 50. Ikisoma kitu kingine, usipime mtu.

Uma wenyewe ni kichuma cha meno mawili, kimechongwa 50 kwenye mkono wake. Ukikigonga kinalia juu, kinalia kwa muda mrefu. Nimegonga. Ikasoma 50. Nikajiona mhandisi.

Wasichana wamepima kila kitu kinachotembea. Ng'ombe wa mwalimu mkuu: 3. Bwana Mutie wa Kiswahili na baiskeli yake kwa ule mteremko wa geti: 21, na akataka kurudia. Nthenya, mrushaji wetu wa Form Three: 51. Mara nne mfululizo, 51. Mtoto wa maneno machache na mikono mirefu. Nikimwangalia akizungusha ule mkono nasahau daftari zote za hesabu ambazo sijasahihisha.

Jumamosi, 5 Juni

Mutomo na kurudi kwa lori la shule. Vumbi mpaka kwenye meno.

Kamati ya mkoa inataka mrushaji mmoja tu kutoka Kitui na Makueni, aende kambi ya Embu Julai. Huko ndiko wanachagua timu ya nchi. Bunduki ni moja kwa wilaya zote mbili, na iko kwangu, kwa hivyo mimi ndiye napima wetu na wao. Mwenye spidi kubwa ndiye anaenda. Hakuna maneno mengine.

Mrushaji wao ni Khamisa, Form Four, baba yake anauza vitambaa pale sokoni. Amefunga kilemba kwa pini, suruali ndefu chini ya sketi, na hakuna anayemshangaa. Niligonga uma: 50. Akarusha: 53, 54, 54. Mwalimu wake, Othman, aliandika pamoja na mimi, akapiga makofi mara moja tu, kwa heshima ya mgeni.

Khamisa aliniuliza, "Na wenu anarusha ngapi, Mwalimu?"

Nikamwambia karibu na hapo.

Hamsini na nne. Nafasi ni yao. Na huu ni mwaka wake wa mwisho, ni haki kabisa. Wasichana wangu waliimba njia yote mpaka Kibwezi. Nilikaa mbele na dereva, na nilikuwa na wivu. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumapili, 6 Juni

Mama Nthenya amechukua uma.

Ndiye anaongoza kwaya yetu. Kila Jumapili wanaanza wimbo juu sana, ubeti wa tatu wanafika wamekauka shingo. Wiki iliyopita alikuja uwanjani kumletea Nthenya sweta, akasikia uma ukilia, akasimama pale pale na sweta mkononi. Leo baada ya ibada akanishika mkono.

"Mwalimu, kile kichuma chako kina sauti moja tu, haibadiliki. Tupatie, hata kama ni ya practice tu. Jumatano nitarudisha."

Mimi ni nani nimkatalie Mama Nthenya? Amenipikia tangu nihamie hapa. Akaufunga kwa leso, akauweka ndani ya kifuniko cha Biblia yake.

Jumatano, 9 Juni

Bunduki imekufa. Hakuna nambari, hakuna mwanga. Vumbi la Mutomo, sina shaka. Au ni lile shimo la pale Kibwezi, nilipoiachia kidogo ikagonga mlango wa lori. Sijamwambia mtu hilo.

Fomu ya kamati ni lazima ifike Embu kabla ya tarehe kumi na nane. Nimeipeleka kwa Kisilu, fundi wa redio hapa soko la Nunguni. Akaifungua kama anayechuna kuku. Akasema hajaona kitu kama hiki lakini kitu ni kitu, kila mashine ina moyo wake.

Uma haujarudi. Mama Nthenya anasema sauti ya pili bado wanayumba.

Jumamosi, 12 Juni

Kisilu ameifufua! Kuna kipande kidogo ndani kilikuwa kimepasuka, akaweka kingine kutoka kwa redio kuukuu. Inawaka vizuri kuliko zamani.

Na Nthenya, 58.

Nilifikiri nimesoma vibaya. Akarusha tena. 58. Halafu 57. Halafu 58. Wasichana wakapiga kelele mpaka mpishi akatoka na mwiko. Nthenya aliangalia mkono wake, juu na chini, kama umeletwa na mtu mwingine.

Kalondu, anayemdakia, peke yake hakupiga kelele. Akavua glavu, akasugua kiganja, akaniambia, "Lakini Mwalimu, haiumi zaidi. Ni ile ile tu ya siku zote."

Nikamwambia avae glavu yake na aache wivu. Mbele ya wenzake wote. Nilimwambia mtoto wa watu aache wivu, mimi!

Wiki nzima Nthenya amekuwa akirusha taulo lililolowa, zoezi la Miss Ellen la kuongeza nguvu za bega. Inawezekana. Mtoto anaweza kuiva ghafla. Nimewaona katika hesabu, leo hajui, kesho anajua.

Jumanne, 15 Juni

Nimejaza fomu. Khamisa: 54, tarehe 5. Nthenya: 58, tarehe 12. Shule, umri, mkono wa kurushia.

Chini kabisa kuna mstari mmoja: Kifaa kilikaguliwa kwa uma siku ya kipimo? Ndiyo au La.

Kwa Khamisa nikaandika Ndiyo. Kwa Nthenya kalamu ilisimama. Uma uko ndani ya Biblia ya Mama Nthenya, naye alikuwa ameenda nayo mazishi Kyuso mpaka Ijumaa. Niliikagua wiki iliyotangulia, si ndiyo? Bunduki ni ile ile.

Nikaandika Ndiyo, nikatia sahihi, na Bwana Mutie akaipeleka posta na baiskeli yake ya maili ishirini na moja. Nina amani. Nadhani nina amani.

Jumatatu, 28 Juni

Barua kutoka Embu. NTHENYA. Kambi inaanza tarehe kumi na saba Julai jioni. Khamisa ni wa akiba.

Mwalimu mkuu aliisoma barazani asubuhi. Tangu shule hii ijengwe hakuna mtu wake ameitwa mahali popote, isipokuwa kuitwa kuulizwa mbona matokeo ni mabaya. Alinishika bega mbele ya walimu wote. Nilitamani marehemu mama angeona.

Jumapili, 4 Julai

Mchungaji amemwombea Nthenya mbele ya kanisa lote. Kwaya wakaimba, na kwa mara ya kwanza wakafika ubeti wa tano bila mtu kukohoa. Mama Nthenya alilia bila kujificha. Mumewe alikufa Nthenya akiwa darasa la tatu, na huyu ndiye mtoto wake wa pekee.

Nje akanipa uma wangu. Akaomba msamaha, eti Jumatano moja imekuwa nne. Akauliza ni wa nini hasa. Nikamweleza, ukiugonga mbele ya bunduki lazima isome hii nambari iliyochongwa hapa, hamsini, ndiyo tujue bunduki inasema ukweli. Akacheka, akasema kumbe hata mashine inafanyiwa kipaimara.

Jumatatu, 5 Julai

57.

Nimegonga mara kumi na mbili. Kwa goti, kwa meza, kwa kisigino cha kiatu. Nimebadilisha betri. 57. Nimetoka nje ya nyumba, nimerudi ndani. 57.

Hesabu ni kazi yangu, kwa hivyo haikuchukua hata dakika. Inayosema 57 ni 50. Basi inayosema 58 ni 51 kasoro kidogo.

Hamsini na moja. Pale pale alipokuwa. Mtoto hakuongeza hata hatua moja ya kuku. Kisilu ndiye aliongeza.

Khamisa ni 54. Bunduki ilikuwa nzima siku ile, na uma ulikuwepo.

Sikula leo.

Jumanne, 6 Julai

Kwa Kisilu tena. Nikamuuliza kile kipande cha kwanza kiko wapi, akirudishe. Akasema kilikuwa kimepasuka, Mwalimu, kwani si ulikiona? Alikiunga kwa risasi ya kulehemu, akakiweka kwenye redio ya Mzee Kiema, na mzee anapata habari za saa moja bila mikwaruzo. Kwake mambo ni mazuri. Anafurahi kwamba mashine yake imetoa msichana Kilungu. Amewaambia watu wote sokoni.

Siwezi kumkasirikia. Alipewa kitu kilichokufa, akakirudisha hai. Ni mimi niliyekuwa na sheria tatu kwa karatasi.

Alhamisi, 8 Julai

Nimefanya kitu cha aibu.

Uma ulikuwa mezani kwangu tangu Jumatatu. Nikisahihisha, uko. Nikinywa chai, uko. Leo jioni nimeufunga kwa karatasi, nikampelekea Mama Nthenya. Nikamwambia, kaa nao tu, kwaya inauhitaji kuliko sisi. Akanibariki. Akaingia jikoni akanitolea muthokoi wa mahindi na maharagwe, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza.

Nilipotoka nilipumua. Hapo ndipo nilijua mimi ni mtu wa namna gani.

Jumatatu, 12 Julai

Barua ya Mwalimu Othman. Mwandiko mzuri, kama wa mtu wa mahakama. Anatupongeza. Hana neno baya hata moja, afadhali angekuwa nalo. Anasema Khamisa hakugusa mpira siku mbili, ya tatu akaamka kabla ya alfajiri na kuanza kurusha kwa ukuta wa ghala la baba yake. Anaomba kitu kimoja: Nthenya amwandikie amefanya zoezi gani, mpaka kutoka ile "karibu na hapo" yangu akafika 58 kwa wiki moja. Angependa kujaribu, hata kama kambi imempita.

Nimeisoma nimesimama. Nikaiweka ndani ya daftari hili. Kila nikifungua kuandika inaanguka.

Nthenya amesikia kuna barua ya Mutomo. Akaja kuuliza kama Khamisa ameandika. Nikasema ni mambo ya walimu. Akasema, "Ningetaka kumwambia pole, Mwalimu. Yeye ni mzuri kuliko mimi, nilimwona siku ile." Akaondoka na ndoo yake ya maji.

Jumatano, 14 Julai

Nimemwambia mwalimu mkuu. Kila kitu: lori, Kisilu, uma, ile Ndiyo.

Akafunga mlango. Akaniuliza nani mwingine anajua. Hakuna. Akasema basi iko sawa. Mashine ilikosea, si mimi. Na akaniambia nifikirie, nikiiandikia kamati, mimi ni mwalimu aliyetia sahihi uongo kwa fomu ya mkoa, na shule ni shule iliyotuma fomu ya uongo, na softboli imekwisha hapa. "Huko Embu wana mashine yao. Kama hatoshi watamrudisha. Mwache mtoto akaone Embu."

Nikamwambia hapo ndipo penyewe. Watampima siku ya kwanza, mbele ya wasichana wa mkoa mzima. Walioambiwa anakuja mtu wa 58. Atatoa 51. Watamwangalia yeye, si mimi. Na yeye hatajua kwa nini. Atafikiri mkono wake umemwacha njiani.

Mwalimu mkuu akasema atarusha kwa nguvu. Akaangalia saa.

Ijumaa, 16 Julai

Barua ziko tayari. Moja kwa kamati, moja kwa Mwalimu Othman. Fupi. Sikumtaja Kisilu. Sikumtaja Mama Nthenya. Niliandika kwamba bunduki ilitengenezwa, haikukaguliwa, nikaandika Ndiyo, kipimo cha kweli ni 51, na nafasi ni ya Khamisa.

Nilifika mpaka sanduku la posta. Mkono ukaingia na bahasha, ukatoka nazo.

Simu ya kwenda Embu iko ofisini kwa mwalimu mkuu, na ufunguo wa ofisi uko shingoni mwake.

Nimerudi nazo. Nitamwambia Nthenya kwanza, kesho asubuhi kabla ya lori. Yeye kwanza. Nimeahidi. Nimeahidi nani, sijui.

Jumamosi, 17 Julai

Naandika nimesimama, kwenye meza ya jikoni. Wako nje wote. Nimesema naenda kuchukua karatasi fulani.

Sikupata nafasi ya kumwambia. Saa mbili asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Kwaya nzima na vitambaa vya bluu, mchungaji, Kisilu na shati jeupe, hata chifu. Sanduku la chuma la Nthenya lilikuwa limeshapandishwa kwenye lori na kufungwa kamba. Mwalimu mkuu akatoa hotuba. Halafu akasema wazazi hawajawahi kuona, Mwalimu Nzilani, yaani mimi, alete bunduki, mtoto arushe mara moja tuone hiyo 58 kwa macho yetu.

Nikasema betri zimeisha. Kalondu akasema aliweka mpya jana. Aliniangalia sana aliposema.

Nthenya akarusha. 58. Watu wakashangilia, Kisilu akainua mikono yote miwili. Nilikuwa nimeshaanza kuizima, na Mama Nthenya akaja mbele akifungua leso.

Alikuwa anamwonyesha mchungaji. Kwa furaha tu. "Mchungaji, njoo uone, hii ndiyo inaangalia kama mashine inasema ukweli. Mwalimu alinifundisha." Akaugonga kwa kifuniko cha Biblia, haukulia vizuri, akaugonga tena kwa bodi ya lori. Ukalia. Kwaya yote wakanyamaza, wamezoea, wakisikia sauti hiyo wanajiandaa kuimba. Akaushika mbele ya bunduki. Mkono wangu haukushuka. Sijui mbona haukushuka.

Akasoma nambari nyekundu. Akageuza uma, akasoma iliyochongwa. Akasoma tena nambari nyekundu.

"Mwalimu, mbona hii inasema hamsini na saba?"

Aliuliza polepole, kama anayedhani ni yeye ameushika vibaya. Akagonga tena. Kisilu akasogea karibu. Mwalimu mkuu akasema twende, njia ni ndefu, lori liwashwe. Likawashwa.

Nikamwangalia Nthenya. Alikuwa na mpira bado mkononi. Hakuangalia bunduki. Alimwangalia Kalondu, na Kalondu akaangalia kiganja chake.

Ndipo nikaiweka bunduki juu ya bodi ya lori, nikasema nakuja.

Barua mbili ziko hapa mbele yangu. Ile aliyoniandikia Othman imeanguka tena sakafuni. Nasikia injini. Nasikia Mama Nthenya bado anaugonga ule uma, kila mara taratibu zaidi, anajaribu kuifanya bunduki isome sawa.

Mtu anabisha mlango. Ni Nthenya. Hajaingia, anaongea kutoka nje, sauti ile ile yake ya chini:

"Mwalimu, nishushe sanduku?"